Mama Hafungi Mlango

S.L.P. 118, Embu
16 Machi 1998

Kwa Baba Mkubwa Kivuti,

Hujambo, na magoti yanasemaje? Baba anasema ukipata barua isiyo na salamu unairudisha ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Basi hizo ndizo salamu, na sasa naomba unisikilize.

Unajua kwamba niko kwa Bwana Runji, kwenye ofisi yake ya kuchapa barua na kufundisha kompyuta hapa mjini. Usichojua ni kwamba mashine moja imeunganishwa na simu, na kupitia simu hiyo nimo katika kundi la watu ambao sijawahi kuwaona. Kuna muuguzi wa Finland, dereva wa lori wa Ohio kule Amerika, mkutubi wa New Zealand, na wengine. Sote tunatunga michezo ya safari kwa maneno matupu. Hakuna picha. Kompyuta inakuandikia: uko mbele ya pango, chini kuna taa. Wewe unaandika: chukua taa, ingia pangoni. Inakujibu yaliyotokea, na mnaendelea hivyo hadi ufike mwisho au ukwame. Hakuna anayelipwa. Tunatumiana michezo, tunaicheza, na tunasemana bila huruma.

Mwaka jana nilitunga wangu. Niliweka ngome, mfalme na theluji. Yule wa Ohio akauliza mbona theluji yangu inatimua vumbi mtu akipita. Walinicheka wiki mbili nzima. Muuguzi wa Finland ndiye aliyeniandikia pembeni: "Dada, andika mahali ambapo wewe mwenyewe umewahi kujikwaa."

Kila mwaka kuna shindano. Mchezo lazima ufike kabla ya tarehe thelathini Septemba, halafu wanachama wanaicheza michezo yote na kutoa alama. Nataka kupeleka boma la Babu kule Kamuguu, kama lilivyokuwa kabla bwawa halijalifunika. Mchezaji atakuwa mvulana wa miaka kumi na miwili anayerudisha mbuzi jioni. Mchezo utaisha Nyanya akifunga mlango, kila mtu akiwa ndani. Nitauandika kwa Kiingereza ili wauelewe, lakini kwanza lazima nielewe mimi.

Baba nimemuuliza. Amesema alikuwa mdogo, hakumbuki kitu, na nimletee jembe. Umebaki wewe peke yako. Naomba unieleze kila kitu: njia, nyumba, vyombo, watoto wangapi, mbuzi wangapi. Nikishindwa safari hii nitarudi kuwa mtu wa kupigia wenzake makofi.

Mwanao,
Wawira


Kanyakine
29 Machi 1998

Mama,

Una jina la mama yangu, kwa hivyo nitakuita Mama kama siku zote, ingawa yeye hangeniuliza maswali ya aina hii. Nakujibu kwa Kiswahili kama ulivyoanza. Nilisoma prufu katika kiwanda cha uchapaji cha misheni hapa Meru miaka ishirini na miwili, na sikuwahi kupata watu wawili waliokubaliana jinsi ya kuandika lugha yetu ya Kimbeere.

Watoto wangapi, mbuzi wangapi! Nani alikufundisha kuuliza hivyo? Watoto hawahesabiwi. Mbuzi hawahesabiwi. Ukihesabu unakionyesha kifo pa kupitia. Karani wa serikali alipokuja kuandika mifugo, baba yangu alimwambia, "Wako wa kutosha kukukanyaga," akamwacha amesimama juani na kalamu yake.

Unataka kujua kama wametimia? Unawajua. Kuna mweupe mwenye kiraka begani. Kuna aliyevunjika pembe, na mama yake. Kuna mwizi wa mahindi, huyo huwa nyuma siku zote. Kuna kipofu wa jicho moja anayefuata kengele ya mwizi. Kuna mwekundu na mapacha wake. Ukiwaona hao umewaona wote. Ukikosa mmoja, zizi linakuwa kama mdomo uliong'oka jino, na hakuna anayehesabu meno ili ajue.

Sasa boma. Ukitoka mtoni, Thagana ikiwa mgongoni mwako, unapanda kijia chenye mawe meusi hadi kwa Mbaka, jirani yetu, ambaye mbwa wake hakupenda mtu. Kutoka kwake unaona lango letu. Hapo unasimama na kukohoa. Huingii. Unakohoa na kungoja kuulizwa wewe ni nani, hata kama ni wewe uliyetoka asubuhi. Ghala liko upande wa mlimani, zizi upande wa mtoni. Nyumba ya mama iko katikati, na mlango wake ni wa fito zilizosukwa, wa kuegeshwa na kukazwa kwa gogo.

Ndani ni giza na moshi. Mama anaketi kwenye kigoda chake akiutazama moto, mgongo kwa mlango. Sisi tunaingia na kukaa ukutani nyuma yake. Hageuki. Anaita majina, na kila mtoto anaitikia, "Niko." Halafu anamimina uji katika vibuyu na kuvipitisha nyuma juu ya bega lake. Kila kibuyu kilichomwa urembo kwa waya wa moto. Chenye meno ya mamba ni changu. Chenye nyota ni cha Nelius, dada yetu, Mungu amrehemu. Chenye mistari ya mvua ni cha Njiru, naye Mungu amrehemu. Chenye mifupa ya samaki. Kidogo, chenye nukta, ni cha baba yako Mutugi. Vibuyu vyote vikishanywewa, mama anainuka na kufunga mlango.

Mwaka 1974 nilisimama juu ya kilima nikayaona maji yakiingia zizini, polepole, kama mgeni asiyetaka kuonekana ana njaa. Kesho yake nikachukua gari la kuja Meru. Niko huku kwenye baridi tangu siku hiyo, na ndizi za watu.

Andika sawasawa.

Kivuti


Embu
11 Mei 1998

Baba Mkubwa,

Nimefanya yote uliyosema, na sasa nimechoka na wewe, nimechoka na wao.

Mchezo ukifika nusu, tunawapa wanachama wachache waujaribu. Niliupeleka kwa wale watatu niliokutajia. Bwana Runji huniachia simu akienda kula mchana, kwa hivyo nilikuwa na dakika ishirini za kupokea matusi. Nakutafsiria.

Wa Ohio: "Nimefika langoni. Nimeandika ingia mara kumi na nne. Lango limeharibika?"

Nikamjibu akohoe. Akakohoa. Akaingia nyumbani kwa Nyanya na kuandika "chukua vyote". Basi akabeba kigoda, chungu, vibuyu vyote, na mafiga. Alitaka hata moto. Hiyo ndiyo desturi ya wachezaji wetu, Baba Mkubwa. Wanabeba kila kitu kwa sababu hawajui ni kipi kitafaa mbele.

Wa New Zealand: "Nimeandika kaskazini mara thelathini. Mwandishi hajui dira?"

Wa Finland: "Ni pazuri. Lakini mbuzi ni wangapi? Nimerudisha sita na mama hajasema kitu. Nitajuaje nimemaliza?"

Naomba ruhusa ya mambo mawili tu. Niweke kaskazini na kusini, na niweke idadi ya mbuzi. Ni tarakimu moja. Haitamuua mtu.

Wawira


Kanyakine
24 Mei 1998

Mama,

Hapana, na hapana.

Huyo bwana wa Ohio mwandikie hivi: kigoda anachokibeba kina mwenyewe, na mwenyewe amekikalia. Amemwinua mama yangu au amembeba naye? Mtu anayeingia nyumba ya watu akabeba hadi mafiga, kwao anaitwa nani? Kwetu ana jina. Weka katika mashine yako kwamba akigusa kigoda, mama aseme, "Weka chini, mtoto wa watu." Akigusa mara ya pili, amwite kwa jina la baba yake. Akigusa mara ya tatu, atolewe nje alale na mbuzi, awajue.

Wa New Zealand mwambie kwamba kule Kamuguu hakuna mtu aliyewahi kwenda kaskazini. Tulienda mtoni, tulienda mlimani, tulienda kwa Mbaka. Mkutubi mzima na hajui kwamba mahali huwa na majina!

Huyo wa Finland ana adabu. Ameuliza swali la mchungaji, ila amelikosea. Mwambie asiulize ni wangapi, aulize ni nani hayupo. Akitazama zizini, mashine imwambie anaowaona, na yeye mwenyewe aone pengo. Mwizi wa mahindi yuko nyuma, kwa Mbaka, kama kawaida. Nilikuandikia hivyo tangu Machi. Je, mnasoma huko, au mnabonyeza tu?

Nimerudisha karatasi zako za maelezo ya boma. Nimesahihisha mahali kumi na tisa. Mlango ulisukwa kwa fito, haukuwa wa mbao. Mbao ilitoka wapi?

Kivuti


Embu
20 Julai 1998

Baba Mkubwa,

Ulikuwa sahihi, na inanikera kukuandikia hivyo.

Wameupenda. Wa Ohio siku hizi anakohoa hata kwenye michezo ya wenzetu. Aliingia pango la mtu wiki jana akaandika "kohoa" kwanza, na kundi zima likacheka. Wa New Zealand alimpata mwizi wa mahindi bila kuambiwa, akajisifu siku mbili. Kwa mara ya kwanza wananitaja pamoja na waandishi wenyewe.

Lakini mchezo haumaliziki. Mbuzi wako zizini wote, watoto wameingia, Nyanya ameita majina, amemimina uji, na hapo anakwama. Anaketi. Mchezaji anaandika "ngoja", naye anaketi. Anaandika "lala", naye anaketi. Mama hafungi mlango.

Nimetafuta kasoro wiki tatu. Nimechapisha programu nzima kwenye karatasi, Bwana Runji akaniuliza kama naandika Biblia. Nilikuwa karibu kulia. Jana nikafanya jambo ambalo hutalipenda. Nilichukua barua yako ya Machi, nikahesabu.

Nisamehe. Majina anayoita Nyanya ni manne: Nelius, Njiru, Mutugi, Kivuti. Vibuyu ni vitano. Mashine inangoja vyote vinywewe, kama ulivyosema mwenyewe, na kimoja hakina mnywaji. Kile chenye mifupa ya samaki. Umekitaja, ukaweka nukta, ukaendelea na kingine.

Ni cha nani?

Wawira


Kanyakine
2 Agosti 1998

Wawira,

Nilikuambia usihesabu.

Hicho kibuyu ni kosa langu la kuandika. Kitoe. Mlango utafungwa, na upeleke mchezo wako kwa wazungu wako.

Kivuti


Embu
17 Agosti 1998

Baba Mkubwa,

Mara hii hukuniita Mama. Nimeliona.

Nimekitoa. Mlango unafungwa. Wa Ohio na wa New Zealand wameridhika. Wa Finland ameandika: "Sasa unafungwa, lakini mama ana haraka ambayo hakuwa nayo. Umekata nini?"

Jumapili nilikwenda Runyenjes. Tulitoka kanisani, Mama akaweka chai, nikamuuliza Baba tu kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Baba, kibuyu chenye mifupa ya samaki kilikuwa cha nani?"

Akaweka kikombe chini. "Nani amekuambia habari ya kibuyu?"

"Baba Mkubwa."

"Basi amekuambia nusu. Kivuti ni mtu wa nusu."

Mama akaacha kumimina chai. Nadhani hata yeye hakuwa akijua.

"Kilikuwa cha Njagi," Baba akasema. "Alikuwa akimfuata Kivuti kwa kuzaliwa. Siku hiyo alibaki mtoni na mtego wake wa samaki. Mama alipoita jina lake, mimi ndiye niliyeitikia. Nilikuwa na miaka mitano, nilikuwa na mchezo wa kuiga sauti za watu. Niliitikia kwa sauti yake, na mama akafunga mlango. Usiku mto ukajaa."

"Baba, ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto. Na aliyekufa alikuwa mzee?"

Akatoka, akachukua kisu, akaanza kupogoa kahawa, na nguo za kanisa mwilini. Jumapili, Baba Mkubwa! Mtu ambaye haturuhusu kufua soksi Jumapili. Alipogoa hadi jioni, matawi mazuri na mabaya. Sasa nimejua kwa nini hajawahi kufuga mbuzi.

Imebaki wiki sita. Siwezi kupeleka boma ambalo limetolewa mtoto. Na siwezi kumrudisha kama sijui ilivyokuwa. Ni kweli ilikuwa hivyo?

Wawira


Kanyakine
6 Septemba 1998

Mama,

Barua hii nimempa dereva wa miraa wa Kangeta, ambaye hupita Embu kama risasi, kwa sababu nikiitia posta nitaifuata na kuiomba irudi.

Rudisha kibuyu. Rudisha jina. Kisha andika mwisho hivi, neno kwa neno, usiongeze kitu:

Mama anaita Nelius. Nelius anasema, Niko. Mama anaita Njiru. Njiru anasema, Niko. Mama anaita Kivuti. Unasema, Niko. Mama anaita Mutugi. Mutugi amelala begani mwako. Unaitikia kwa sauti yake, ili asiamshwe. Mama anaita Njagi.

Hapo mashine ingoje. Isimwambie mchezaji la kufanya.

Akiandika "Niko", mama amimine uji katika kibuyu chenye mifupa ya samaki, mchezaji aunywe, mama afunge mlango na kuukaza kwa gogo. Mchezo uishe hapo. Asiambiwe ameshinda wala ameshindwa.

Akiandika kwamba Njagi hayupo, mama ageuke. Hiyo ndiyo mara pekee atakayogeuka. Aweke chungu chini na kupiga yowe la kuwaita wanaume, na Mbaka aje na mwenge. Usiandike kama walimpata. Mimi sijui.

Mchezaji wako ana miaka kumi na miwili. Umeelewa ni nani.

Tulizoea kuitikiana, mimi na Njagi. Siku moja ni mimi niliyechelewa, siku nyingine ni yeye. Sauti zetu zilikuwa moja. Jioni ile alisema, "Niitikie, nakuja nyuma yako," nami nilikuwa na njaa. Nilikuwa nimeshamwitikia Mutugi, na la pili likatoka kabla sijafikiri. Nilikunywa uji wangu na wa Mutugi, nikanywa na wa Njagi. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, kule juu, wala kwetu hakukuwa na tone. Asubuhi wanaume walikuta shati lake juu ya mwamba wa katikati ya mto. Lilikuwa limefungwa kwenye kijiti, na kijiti kimechomekwa kwenye ufa wa jiwe, ili lionekane. Alikuwa na wakati wa kufanya hayo yote. Alikuwa akingoja watu, na watu walikuwa wamefungiwa mlango.

Mama aliuliza, "Nani aliniitikia?" Mutugi alikuwa kasuku wa nyumba, aliweza hata kukohoa kama baba. Nilimwonyesha kwa kidole. Alikuwa ndiyo kwanza anaamka. Hakuna aliyempiga. Walimtazama tu, na tangu siku hiyo mama hakuita majina tena.

Peleka mchezo hivyo.

Kivuti


Embu
28 Septemba 1998

Baba Mkubwa,

Nimeupeleka leo saa saba na nusu, Bwana Runji akiwa kwa chakula. Laini ilikatika mara mbili. Mara ya tatu ukaenda. Nimeandika kama ulivyosema, neno kwa neno.

Sasa nisikilize, maana nimengoja wiki tatu nikidhani barua nyingine imekwenda Runyenjes. Nimemuuliza Mama kila siku ya soko. Haijafika, kwa sababu hujaiandika.

Umemwambia dereva wa Ohio. Umemwambia muuguzi wa Finland. Umewaambia watu ambao hawawezi kuionyesha Runyenjes kwenye ramani hata ukiwashika mkono. Kufikia wiki ijayo watu wa dunia nzima watajua kwamba Mutugi alikuwa amelala, isipokuwa Mutugi. Yeye anapogoa kahawa. Amebaki kuikata miti hadi majirani wanauliza kama tunang'oa.

Mimi si posta yenu. Sitamwambia, kwa sababu si neno langu. Lakini ni baba yangu, na sitaweza kumtazama na kunyamaza kama wewe ulivyoweza. Kura zinakwisha tarehe kumi na tano Novemba. Kama kufikia hapo hujamwandikia, nitamleta ofisini, nimkalishe mbele ya mashine, na acheze.

Una siku arobaini na nane. Ndiyo, nimezihesabu.

Wawira


Kanyakine
25 Oktoba 1998

Mama,

Nimeianza mara nne. Ya kwanza ilianza na hali ya hewa. Ya pili ilianza na Biblia. Ya tatu ilikuwa na kurasa sita na neno "pole" lilikuja ukurasa wa tano. Ya nne ilikuwa nzuri sana. Niliisoma mara mbili nikajiona nimeridhika nayo, nikaitia motoni.

Mwache acheze.

Kivuti


Runyenjes
22 Novemba 1998

Kivuti,

Jana Wawira alinikalisha mbele ya mashine. Mwenye ofisi alikuwa mazishini. Kiingereza hicho si changu, kwa hivyo yeye alikuwa akinisomea, nami nikimwambia la kuandika.

Mchezo wake umekuwa wa kumi na moja kati ya ishirini na sita. Anatembea mjini kama aliyekuwa wa kwanza. Kuna dereva mmoja wa Amerika ameandika kwamba aliitikia bila kufikiri kwa sababu alitaka kumaliza, mlango ukafungwa, na ana hasira tangu siku hiyo na hajui amkasirikie nani. Nimemwambia Wawira ampe anwani yako.

Nilipanda kutoka mtoni. Nilipita kwa Mbaka. Langoni nilikohoa kabla Wawira hajaniambia, akanitazama. Mbuzi nilimkosa yule kipofu, nikarudi kumchukua. Nikaingia, nikakaa. Mama akaita. Alipofika kwa jina langu, mashine ikaandika kwamba nimelala begani mwako.

Nikamwambia, "Hapo pamekosewa."

Akasema, "Hapajakosewa, Baba."

"Rudia."

Akarudia. Tulirudi hadi mtoni na kupanda tena na mbuzi wote, mara tatu, na mara zote tatu nimelala.

Nisikilize vizuri. Mimi nakumbuka nikiitikia. Nakumbuka uji ulikuwa wa mtama, wa moto, nikachovya kidole kwanza. Nakumbuka neno likitoka mdomoni, na nakumbuka nikifurahi kwamba nimeiga vizuri. Nimelikiri mbele ya wachungaji watatu. Nimemwambia mke wangu juzi juzi tu, miaka thelathini baada ya kumwoa. Nimeishi mbali na mto kwa ajili ya neno hilo. Na wewe unaniambia, tena huniambii mimi, unamwambia mwenye lori wa Amerika, kwamba sikulisema. Sasa hilo ninalolikumbuka nimelitoa wapi? Mlinitazama hadi nikalikumbuka?

Wawira anasema katika mwisho ule mwingine mama anageuka. Sikumwambia auandike. Nilitoka nje nikasimama kwenye veranda ya Runji, watu wakanipita na kunisalimu, na nilikuwa nikiwasikia kama walio ng'ambo ya mto.

Sijakusamehe. Usidhani kwamba barua hii ni msamaha. Na usinijibu kwa barua. Unaandika vizuri mno, utanifanya nikubaliane na wewe kabla sijamaliza kukasirika. Jumatano panda gari la saa mbili kutoka Nkubu. Nitakuwa kituoni Runyenjes. Tutapanda hadi nyumbani, utakaa nje mahali ambapo mke wangu na watoto wanaweza kukusikia, na utaniambia kwa mdomo wako ni nani aliyenitoa begani mwako akanilaza, ni nani aliyenifunika, na asubuhi ile ni nani aliyekuja kuniamsha.

Mutugi